Kabla hujasema turbo imekufa

Jumanne kijana mmoja wa garaje yetu hapa Bukavu aliingiza kidole kwenye mdomo wa turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, akatikisa shafti, kisha akamgeukia mteja kwa sauti ya daktari: "Papa, turbo ilishakufa." Papa wa watu akashika kichwa. Nilikuwa chini ya gari nyingine, nikatoka mbio na oili usoni kabla bei haijatajwa. Turbo ilikuwa nzima. Kilichopasuka ni kampira kembamba kama kidole, kanakopeleka presha ya turbo kwenye kiwambo cha pampu ya mazutu, yaani dizeli. Dola 2.

Huyo ni wa tatu mwaka huu. Basi naandika, wadogo zangu, na msidhani nawachukia. Mtu hachoki na watoto wa jirani.

1. Shafti ya turbo iliyozimwa inacheza kidogo upande kwa upande, kwa sababu ikifanya kazi inaelea juu ya oili. Cha kuogopa ni ikicheza mbele na nyuma, au mabawa yakiwa na alama za kusugua ukuta. Na kabla hujaingiza kidole humo, kioshe kwanza. Nimeona chembe ya mchanga wa mtaa wa Panzi ikifanya kazi ambayo kilomita laki mbili hazikuifanya.

2. Tazama moshi kabla hujashika spana. Gari ya mazutu haina nguvu na inatoa moshi mweusi: hewa haitoshi. Haina nguvu na haina moshi: mazutu hayafiki, au pampu haijui kama turbo inapuliza, kama gari ya Jumanne. Ninyi wa Subaru na magari mengine ya esansi, yaani petroli, moshi hausemi waziwazi hivyo. Anzeni na buji, yaani plagi, mpunguze mwanya wake kama mmeongeza presha, maana cheche inazimwa kama mshumaa. Filta ya mazutu itolewe maji kila wiki kama mteja anajaza kwa makadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani, na wote wanajaza huko, hata wanaoapa kwa jina la mama.

Halafu kanyaga pedali hadi chini huku mwenzako anaangalia mkono wa pampu kama unafika mwisho. Kuna mtu, simtaji na yuko anasoma hapa, alishusha turbo nzima ya Prado kumbe zulia lilikuwa limekunjamana chini ya pedali.

3. Uliza mkono wa mwisho kugusa gari ulikuwa wa nani.

Hapa nitakaa kidogo.

Miaka kadhaa nyuma mteja aliniletea Land Cruiser ya injini ya 1HZ. Mnaijua: lita 4.2, silinda sita, haina turbo tangu kiwandani, kila mtu anataka kuiwekea. Nikamwekea. Presha nikaifunga kwenye bar 0.6, kwa sababu injini ile inabana hewa sana yenyewe, zaidi ya 22 kwa 1, ukiisukuma zaidi unatafuta kifo chake. Akaomba filta ihamishwe, ivute hewa juu, mbali na vumbi. Bomba lililokuja na seti ya turbo likawa fupi. Nikashuka soko la Kadutu, nikapata mpira mnene, mweusi, unang'aa. Nikaukata, nikabana, nikajipongeza.

Miezi miwili baadaye akarudi. Anabeba mchele na ndakala, samaki wadogo, kutoka Uvira. "Fundi, kwenye tambarare ya Ruzizi inaruka. Nikianza kupanda mlima wa Ngomo na mzigo, moshi mweusi, sindano ya presha inatoka 0.6 inarudi 0.2."

Moshi mweusi. Soma tena nambari 2. Hewa! Gari ilikuwa inapiga kelele, mimi nikatoa somo la jiografia: Papa, Uvira iko chini, kama mita 770, huku kwetu tuko karibu 1,500, hewa ya Bukavu ni kama 0.85 ya ile ya baharini, lazima injini ichoke. Kila neno ni la kweli. Ila mwinuko unaila nguvu polepole, mita kwa mita. Hauangushi sindano ndani ya kona moja. Akaondoka ameridhika, ndiyo hatari ya kujua kuongea.

Akarudi tena. Sasa nikapima kwa bidii. Nikaziba njia ya hewa pale kwenye filta, nikajaza presha hadi bar 1, nikapaka maji ya sabuni kila kibano. Hakuna povu. Nikasema hewa haivuji, na kweli haikuvuja. Nikapima kompresheni, presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda: zote sita ziko chini ya namba za kitabu cha kiwanda kwa karibu asilimia 15. Nikamwambia ringi za pistoni zimekwisha.

Nikafungua injini. Wiki tatu. Ringi, gasketi, bearingi, dola 1,350 za mteja ambaye mke wake alikuwa amejifungua mwezi ule. Na sehemu ninayoisema kwa shida ni hii: nilipotoa pistoni niliona kuta za silinda bado zina mistari ya msalaba ya kiwandani, safi, unaweza kuihesabu. Injini iliyochoka haina mistari ile. Niliiona, kijana aliyekuwa ananishikia taa aliiona pia, akanitazama. Nikamwambia aninyooshee taa vizuri.

Tulipofunga nikapima upya. Namba karibu zilezile. Gari ikapanda Ngomo na moshi uleule.

Nikamwita fundi mmoja mzee aliyenifundisha kazi. Alisikiliza yote akauliza, "Kitabu chako kiliandikiwa Bukavu?" Kompresheni inaanza na hewa uliyonayo. Hewa ikiwa 0.85, geji itasoma 0.85. Silinda sita zikishuka sawasawa mara nyingi huo si ugonjwa, ugonjwa hupenda kuchagua moja au mbili. Mimi niliyetoa somo la mwinuko kwa mteja nilikuwa nimelisahau mbele ya geji.

Kisha akafungua boneti, akatoa filta, akaniambia nipandishe mizunguko injini ikiwa moto. Akaziba nusu ya mdomo wa bomba kwa kibao. Mpira wangu wa Kadutu ukajikunja ndani kama mashavu ya mzee asiye na meno. Hauna waya ndani. Mvuke wa oili kutoka tumbo la injini ulikuwa unaingia humohumo na kuulainisha miezi yote ile. Turbo ikivuta kwa nguvu mlimani, mpira unalala na kufunga koo. Nami nilikuwa nimeupima kwa kuujaza upepo, ndiyo kusema niliuvimbisha, ukawa mviringo mzuri kuliko siku nilipoununua. Pale panapovutwa, presha haikuambii kitu.

Pesa za ufundi nilirudisha zote. Spea tuligawana, kwa miezi saba.

4. Sasa harakaharaka, maana nimeongea kama mchungaji. Bomba la oili linalotoka turbo lishuke moja kwa moja bila kona, likipinda utaona moshi wa bluu na utailaumu turbo.

5. Westigeti, kilango kinachopunguza moshi unaozungusha turbo, ikikwama wazi presha haipandi vya kutosha. Chomoa fimbo yake uisukume kwa mkono. Msiikaze kwa waya, nimewaona.

6. Intakula, kipoza hewa ya turbo, jina lenyewe linakuonya kwamba itakula, ikiwa na oili ndani usikimbilie turbo, kidogo ni kawaida. Ikimwagika kama supu, hapo tuongee.

7. Ekzosi pia huziba. Kuna gari ya Nguba ilikaa kwetu siku nne, shida ikawa mafla iliyooza ndani na bati lake likajigeuza mlango.

8. Usipime nguvu ya gari kwenye uwanja wa garaje. Mpakie mteja na mzigo wake, panda naye huko huko anakolalamikia, wewe uangalie sindano, yeye aendeshe. Kama ni Ngomo twende Ngomo. Najua ni mbali, najua mvua, mtalipwa mazutu. Na mkipima kompresheni, andikeni silinda zote sita kwenye karatasi, mlinganishe zenyewe kwa zenyewe, kitabu baadaye.

Kijana aliyenishikia taa ana garaje yake Bagira siku hizi. Hajawahi kunitajia ile mistari.

Mteja naye bado ni wangu. Akifika hasalimii kwanza. Anafungua boneti mwenyewe, anaminya bomba la filta kwa vidole viwili, mara mbili, ndipo ananipa mkono.