Usilipie darasa moja la Kifaransa kwa mama na mtoto
Dada yangu wa Ujiji, nimekuelewa: unavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, Kongo, wanakotumia Kifaransa, kuuza chumvi ya Uvinza, na sasa unataka wewe na binti yako wa miaka 7 mjiunge na darasa moja la Kifaransa la jioni ili ada ipungue. Nakusihi usifanye hivyo. Mwanangu nilimweka na watu wazima hapa Kigoma, na baada ya wiki tatu alikuwa analala juu ya daftari huku mwalimu akinyumbulisha vitenzi ubaoni. Mtoto hujifunza kwa nyimbo, michezo na vipindi vifupi vya mara kwa mara, ilhali wewe unahitaji kwanza hesabu, bei, vipimo na maneno ya forodhani.

Kabla ya kulipa, omba kuketi katika kipindi kimoja usikilize nani anazungumza zaidi, mwalimu au wanafunzi. Lipa kwa mwezi. Ukiahidiwa cheti, uliza kama ni DELF, cheti cha Kifaransa ambacho hutolewa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa na hakiishi muda. Ngazi ya A1 pekee, yaani ya mwanzo kabisa, huhitaji takribani saa 60 hadi 100 za masomo, hivyo anayekuahidi ufasaha kwa mwezi mmoja anakupotosha.

Ikiwa binti bado anatatizika kutamka hata Kiswahili, mpeleke kwanza hospitali akapimwe masikio.