Kazi ya chuoni haitalipa ada

Mdogo wangu, unauliza kama kazi ya chuoni Marekani itatosha kulipa ada. Haitoshi. Mpango wa serikali wa kuwapa wanafunzi kazi, Federal Work-Study, hauwahusu wenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi kutoka nje. Unaruhusiwa kazi za kawaida ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Kwa kima cha chini cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, unapata dola 145 kwa wiki kabla ya kodi: hela ya chakula na vocha, basi. Nguvu zako zielekeze kwenye msaada wa chuo chenyewe. Amherst, Yale na MIT huchagua hata wageni bila kuangalia mfuko wa mzazi, kisha hujazia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Ushindani ni mkali mno, ila omba tu. Kiangalie na chuo cha Berea, jimboni Kentucky: hakitozi karo, na kila mwanafunzi hupangiwa kazi.