Mteja aliikubali picha, pete akaikataa

SWALI: Fundi, salaam. Nina karakana ndogo, niko peke yangu, natengeneza pete na hereni za oda. Mteja mmoja aliagiza pete ya dhahabu ya karati 18 yenye zamaradi. Nilimtumia mchoro kwenye simu, akajibu, "Nzuri sana, endelea." Alipokuja kuichukua akasema ni nene mno, sivyo alivyoiwaza, na sasa anadai arubuni yake. Kazi ikiwa katikati alinitumia ujumbe wa sauti usiku akitaka jiwe liinuliwe zaidi, nami nikamfuata. Isitoshe, tangu tukubaliane bei dhahabu imepanda. Nifanyeje na huyu, na nizungumzeje na wanaokuja ili nisifanye kazi ya hasara?

JIBU: Fundi mwenzangu, mteja wako hakukudanganya alipoandika "nzuri sana". Alikuwa anaangalia picha, na picha ya simu haina kipimo. Pete ikikuzwa hadi ijae kioo, mtu asiye wa kazi hii hawezi kujua kama mwili wake ni milimita 3 au 4. Wewe unayeshika kalipa, kile kipimo cha milimita, kila siku unaiona tofauti hiyo hata kabla hujaambiwa. Yeye alikubali rangi, umbo na mng'ao. Unene hakuukubali kwa sababu hakuuona.

Kwa hiyo picha iende pamoja na namba, na namba ziende pamoja na kitu cha kushika. Mwandikie: "Mwili wa pete una upana wa milimita 4 na unene wa milimita 1.8. Jiwe litainuka milimita 6 kutoka kidoleni." Kisha mwombe akate kipande cha karatasi chenye upana huohuo, akizungushe kidoleni na akae nacho kidogo. Hilo peke yake linamaliza nusu ya ubishi. Bora zaidi ni kumvalisha kielelezo: cha nta ukimwangalia asikivunje, cha resini ikiwa unatumia printa ya 3D, au cha fedha ikiwa kazi ni kubwa. Hapo hapo pima kidole upya. Vidole huvimba kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi, na pete pana hubana zaidi ya nyembamba hata zikiwa za saizi moja.

Mstari wa kumchorea mteja ni siku ya kusubu, yaani siku ya kumimina dhahabu iliyoyeyushwa ichukue nafasi ya kielelezo cha nta. Kabla ya hapo, mabadiliko yanakula muda wako tu. Baada ya hapo yanakula dhahabu, moto, na pengine jiwe. Mwambie mwanzoni kabisa, kwa maneno mepesi: "Ukishaikubali nta, lolote utakalobadilisha litakuwa kazi mpya yenye bei yake." Wateja wengi hawaudhiki na sharti hili. Kinachowaudhi ni kulisikia kwa mara ya kwanza siku ya kuchukua pete.

Tuje kwenye bei. Nta yenyewe inakupa makadirio. Uzito wake ukizidishwa kwa 15.5 unakaribia uzito wa dhahabu ya njano ya karati 18. Kwa fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha safi kwa 1,000, zidisha kwa 10.4. Nta ya gramu 0.4 itakupa pete ya gramu 6.2 hivi kabla ya kupigwa tupa na kung'arishwa, na ndani yake dhahabu safi ni gramu 4.65, kwa kuwa karati 18 ni sehemu 750 kwa 1,000. Mashina ya kumiminia, yaani vijiti vya dhahabu vinavyoganda kwenye njia ya kumiminia, yahesabu kando, maana lazima uwe nayo sufuriani ingawa yatakurudia.

Mafundi wengi huchukua arubuni ya nusu kwa mazoea. Mimi siipendi nusu hiyo. Kwenye pete nzito isiyo na jiwe, sehemu kubwa ya bei ni madini yenyewe, na nusu ya bei inaweza isiyafikie, ukajikuta unamkopesha mteja dhahabu. Arubuni ilipe madini yote na jiwe, hata ikifika asilimia 70. Ikiingia, nunua dhahabu siku hiyohiyo, na bei imefungwa. Asiyeweza kulipa hivyo mpe njia ya pili: ufundi na jiwe vina bei isiyobadilika, dhahabu itahesabiwa kwa bei ya siku ya kusubu. Yote mawili ni ya haki mradi yameandikwa, pamoja na tarehe ambayo makadirio yako yanakwisha nguvu.

(Akileta dhahabu yake ya zamani, ipime mbele ya macho yake na uandike uzito na muhuri uliomo, ile namba ya kiwango cha dhahabu. Mkufu uliolehemiwa mara nyingi unaweza kuyeyuka na kutoka chini ya 750 ingawa muhuri unasema 750, na lehemu hiyo huacha vishimo kwenye kazi mpya.)

Ujumbe wa sauti usikie, lakini usiufanyie kazi ukiwa bado sauti. Asubuhi mjibu kwa maandishi: "Nimesikia unataka jiwe lipande. Litapanda milimita 1.5, litanasa nguo kwa urahisi zaidi, kazi itachelewa siku 3 na bei itaongezeka kwa kiasi hiki. Ukikubali, niandikie nakubali." Usiguse tupa mpaka neno hilo lifike. Utashangaa ni mabadiliko mangapi ya usiku yanayojifia yenyewe yakishaandikwa asubuhi. Kwa zamaradi ungekuwa na jambo jingine la kumwambia: ugumu wake ni 7.5 hadi 8, lakini nyingi zina nyufa za asili zilizojazwa mafuta, na jiwe lililoinuliwa hugongwa zaidi. Asilioshe kwenye mashine ya mawimbi ya sauti wala maji ya moto. Haya yaandike kwenye risiti, maana ya mdomo husahaulika.

Sasa huyu uliye naye. Una bahati kwamba analalamikia unene. Pete nyembamba kupita kiasi ingebidi uisubu upya, lakini nene inapungua kwa tupa bila moto, na muhuri wa 750 uliopigwa upande wa ndani haudhuriki. Mwite karakanani, weka kalipa na vipande vya karatasi vya milimita 2.5, 3 na 3.5, achague mwenyewe, aandike namba na kutia sahihi. Wakati wa kung'arisha nenda taratibu, joto la brashi lisifike kwenye zamaradi. Kazi hiyo usimtoze, kwa kuwa unene hukumwandikia. Wala usimwongezee tofauti ya bei ya dhahabu: ulitaja bei bila kuifunga kwa tarehe, hasara hiyo ni yako.

Arubuni usikimbilie kuirudisha kabla hajaiona pete ikiwa imepunguzwa. Akiikataa hata hivyo, angalia sheria ya mahali ulipo, maana haki ya kurudisha kitu cha kuagizwa hutofautiana nchi na nchi. Na kabla ya kushika tupa, mwambie vumbi la dhahabu litakalotoka ni la nani. Mimi hulipima na kulitoa kwenye salio la mteja. Wengine huliacha karakanani kufidia kazi. Chagua lako, lakini alisikie kabla hujaanza.