"Spice up", "jazz up", zote si kuchangamsha tu?

SWALI: Mambo vipi wahariri, najifunza Kiingereza na kinachonichanganya ni haya maneno yenye "up" nyuma, liven up, spice up, jazz up, perk up, kamusi yangu yote inasema kuchangamsha basi. Nikiyachanganya kuna shida? Halafu niliandika "spice up it" mwalimu akapiga mstari mwekundu bila kunieleza kosa.

JIBU: Kamusi haijakudanganya, imekufanyia uvivu tu. Shika kwanza "liven up" maana ndo salama kuliko zote, pati imepoa mtu akabadilisha muziki unasema "that livened things up", na pati yenyewe ikichangamka bila kusukumwa na mtu bado ni hiyo hiyo. "Spice up" ni kunogesha, yaani kitu kipo tayari ila hakijakolea, hotuba, stori, mapenzi ya watu waliozoeana mpaka wanaboana. "Jazz up" inaelemea kwenye muonekano, shati la rangi moja unalitupia skafu, slaidi unazitia rangi (zingine bora zingeachwa tu zilivyo, lakini haya). "Perk up" mara nyingi ni mtu, alikuwa kanyong'onyea akanywa kahawa macho yakafunguka, "she perked up", na hata ua lililonyauka likimwagiwa maji unaweza kulisemea hivyo.

Mstari mwekundu ni wa hako ka "it". Jina la kitu unaliweka popote, "spice up the speech" au "spice the speech up" zote poa, ila "it", "them", "him" na ndugu zao lazima wakae katikati, "spice it up", hapo hakuna mjadala.

Waingereza wana na "ginger up", nayo ni kuchangamsha, inahusishwa na ujanja wa wauza farasi waliokuwa wanamtia farasi tangawizi nyuma, ndio huko huko unakofikiria, ili ainue mkia mnunuzi amuone bado ana nguvu, na Francis Grose aliuandika ujanja huo kwenye kamusi yake ya lugha ya mtaani mwaka 1785. Mambo yakipamba moto wanasema "things are hotting up". Kuwa makini na "sex up", hiyo ni kutia chumvi, ilivuma sana Uingereza mwaka 2003 BBC iliporipoti kwamba taarifa ya serikali kuhusu silaha za Iraki ilikuwa "sexed up", ikawa mzozo mpaka uchunguzi ukafanyika.

SWALI: Na kwenye ripoti ya ofisini naweza kuandika "jazz up"?

JIBU: Ukiwa unachati na wenzako sawa, kwenye ripoti hapana, bosi ataona unaleta utani. Andika "enliven", au bora zaidi sema ulichofanya, kama uliongeza picha andika "I added photos", inatosha.