Gari nyeusi imejaa utando wa buibui, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina mwezi wa nne toka nitoe Harrier yangu bandarini, nyeusi tii, siku naipokea ilikua inang'aa mpaka unajiona meno. Nikawa naipeleka kuoshwa kila jumamosi hapa mtaani, vijana wanaosha haraka na bei yao nzuri. Juzi usiku nimesimama sheli chini ya taa naona boneti nzima ina miduara miduara kama utando wa buibui, nikajua ni sabuni haijatoka, nikafuta na kitambaa ndo kwanza ikazidi. Fundi mmoja kaniambia dawa yake ni kurudia rangi gari zima, mwingine ana mashine anasema nusu saa tu kazi imeisha. Mashine nimeziona Kariakoo, naweza kufanya mwenyewe nyumbani au ntaharibu? (Mwenye Harrier, Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa gari. Kabla ya yote nakuomba usirudie rangi. Rangi ya kiwandani ikishatoka hairudi vile ilivyokua, inachomwa kwenye oveni kabla gari halijafungwa hata siti, gereji zetu hapa nyingi hazina uwezo huo, na tatizo lako wala halijafika huko. Ni la juu juu kabisa na unaweza kulimaliza mwenyewe uani kwako, ila kwa taratibu, sio nusu saa.

Fanya hivi leo usiku: zima taa za nje, washa tochi ya simu, ipitishe juu ya boneti polepole. Utaona miduara inaifuata tochi kila unakoipeleka. Mikwaruzo ingekua ya duara kweli ingebaki palepale, sasa hii inahama kwasababu sio duara, ni mikwaruzo midogo mno maelfu kwa maelfu imeenda kila upande, na mwanga unaonyesha ile tu iliyokaa kuuzunguka. Gari nyeupe ya jirani yako inayo hiyohiyo, ila weupe unaificha. Nyeusi inafanya kazi kama kioo, haimfichii mtu.

Imetoka wapi? Imetoka jumamosi zako hizo nne nne za kila mwezi. Nenda kakae pale wanapoosha uangalie tambara tu, usiangalie kitu kingine. Linatoka kwenye rimu ya bodaboda lina mchanga na unga wa breki, linachovywa kwenye ndoo ambayo maji yake yashakua ya kahawia, linakamuliwa, alafu linapanda kwenye boneti yako. Chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye tambara ni msasa. Siwalaumu vijana, wana gari kumi zinasubiri na maji ya kununua, lakini ukipiga polishi alafu jumamosi ukarudi kulekule umefanya kazi bure, tena umepunguza rangi yako bure.

Na hapo kwenye kupunguza ndo nataka unisikilize vizuri. Polishi haifuti mkwaruzo, inakwangua rangi ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Ile klia, yani tabaka la juu linaloonyesha kama kioo na kuifunika rangi, kwa magari mengi ya kiwandani ina unene wa kama mikroni 35 mpaka 50 hivi (mikroni elfu moja ndo milimita moja), unywele wa kichwani kwako unakaribia 70. Yani una ngozi nyembamba kuliko unywele, na kila ukipiga polishi unaila kidogo. Polishi laini ikipigwa kwa adabu inakula mikroni moja mbili tu, gari inavumilia mara kadhaa katika maisha yake. Kompaundi, yani polishi yenye chembe kali za kukwangua, na mashine kali mkononi mwa mtu mwenye haraka, huyo anaweza kuimaliza siku moja.

Sasa fungua boneti utafute kile kibati chenye namba ya chasis, angalia palipoandikwa COLOR au C/TR. Ukikuta 202 hiyo ni nyeusi tupu isiyo na chenga za kumeta, ukikuta 209 ni nyeusi yenye chenga za maika na ina klia. 202 inajulikana na mafundi wote kwa ulaini, inakwaruzika hata ukiifuta vumbi kavu kwa mkono wa shati, na baadhi zilipulizwa bila klia kabisa. Chukua kitambaa cheupe weka polishi kidogo usugue sehemu iliyojificha, kitambaa kikitoka cheusi ujue hakuna klia, unasugua rangi yenyewe. Sio mwisho wa dunia, ila inabidi uwe mpole maradufu. Alafu pitisha ukucha juu ya mikwaruzo, ambayo ukucha unakwama iache, hiyo imezama na ukiifukuza utatoboa.

Mashine usinunue ile inayozunguka mzunguko mmoja kama grainda, hata ukiambiwa ndo inayotumiwa na mafundi. Nunua ile ya DA, ambayo pedi inazunguka huku inayumbayumba, ukiikandamiza sana inasimama yenyewe kuzunguka, ndo usalama wake. Nayasema haya nikiwa bado naumia, kwasababu miaka ya nyuma nilishika ya mzunguko mmoja nikapita kwenye ukingo wa mlango wa gari ya mteja, kingo zina rangi nyembamba kuliko katikati, kufumba na kufumbua naona rangi ya chini ya kijivu, upana wa kidole. Nilimlipia kupuliza mlango mzima na bado haukufanana na wenzie. Toka siku hiyo kila ukingo, kila mkunjo, kila trimu ya plastiki naipiga tepu ya karatasi kwanza.

Siku ya kazi amka saa kumi na mbili, uwe umemaliza boneti kabla ya saa tatu au fanya chini ya kivuli kizito, weka kiganja kwenye bati kikisikia joto acha, polishi itakauka kabla haijafanya kazi. Osha kwa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila ukimaliza sehemu, anza juu shuka chini, matairi yawe na kitambaa chake na ndoo yake. Baada ya hapo ingiza mkono kwenye mfuko laini wa nailoni upitishe kwenye bati lililolowa, ukisikia chenga chenga kama ganda la chungwa hizo ni takataka zimeng'ang'ania, sugua na klei ya magari, ule udongo laini wa kunata unaonyofoa takataka, huku umelowesha maji ya shampuu, klei ikianguka chini itupe, usiiokote. Suuza, kausha kwa kukandamiza taulo, usisugue.

Sasa pima eneo la nusu mita kwa nusu mita tu. Pedi ya sponji laini, polishi ya kumalizia sio kompaundi, matone matatu manne ukubwa wa njegere. Igusishe pedi kwenye bati ndo uwashe mashine, ukiiwasha hewani polishi yote itaishia ukutani. Anza spidi ndogo usambaze, kisha panda mpaka ya nne au ya tano, uende taratibu mpaka ujione mvivu, mkono usogee kama sentimita mbili tatu kwa sekunde, kila mstari ulale nusu juu ya mwenzie, uende kushoto kulia kisha juu chini, mara nne mpaka sita. Mashine ikae kwa uzito wake na mkono kidogo tu. Futa na maikrofaiba safi, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti iliyochanganywa na maji kuondoa mafuta ya polishi, kwasababu mafuta yale yanajaza mikwaruzo na kukudanganya. Washa tochi. Kama asilimia kubwa imetoka, endelea gari zima kwa njia hiyohiyo, na iliyobaki iache ibaki. Hapo ndo wengi wanapoharibu, mtu anataka boneti iwe kama kioo cha dukani, anarudia mara ya tatu mara ya nne, na klia inaisha.

Gari nzima itakula siku mbili usipokimbilia. Pedi ikijaa isafishe, kitambaa kikidondoka chini kiende kufuliwa. Malizia na waksi nyembamba, hata ya kanauba ile inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa Brazili ni nzuri sana kwa nyeusi, inaipa kina. Na kuanzia hapo osha mwenyewe, au wapelekee vijana ndoo zako na vitambaa vyako usimame hapohapo, hawakatai ukiwaomba kwa heshima.

SWALI: Fundi mambo, nimesikia dawa ya meno inatoa mikwaruzo, mashine sina, nijaribu? (Dada wa Morogoro)

JIBU: Poa dada yangu. Usijaribu kwenye nyeusi. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia lakini zimetengenezwa kwa meno, itaacha ukungu mpana kuliko mkwaruzo wenyewe. Bila mashine tumia polishi laini na pedi ndogo ya mkono, sehemu ndogo ndogo, jasho litakutoka na haitatoka yote ila itapungua inavyoonekana.

SWALI: Mimi niko Mombasa karibu na bahari, asubuhi gari ina chumvi na vumbi, naifuta na tambara kavu kabla ya kwenda kazini. Ni sawa? (Msomaji, Nyali)

JIBU: Hapana ndugu yangu, hiyo ndo inayokutengenezea utando kila siku. Mwagia maji kwanza chumvi iyeyuke na mchanga uteremke, ndo uguse na kitambaa kilicholowa. Asubuhi ambayo huna maji, nenda nayo kazini na vumbi lake.