Mtambo wa kuchoronga umeingia kijijini: majibu kwa wasomaji

Tangu nilipogusia kampuni ndogo za utafiti wa dhahabu zinazozunguka Kanda ya Ziwa na Chunya na mitambo ya kuchoronga, yaani kutoboa ardhi hadi kwenye mwamba, simu yangu haijapumzika. Wengine wanauliza kwa hasira, wengine kwa tamaa, na mmoja alinitumia picha ya jiwe akitaka nimtajie bei. Wa jiwe anisamehe. Hawa wengine nawajibu leo. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi, kuanzia kubeba mifuko ya sampuli hadi kusoma miamba, kwa hiyo vumbi lake nalijua ladha.

Shikamoo mzee. Kampuni imeleta mtambo kwenye majaruba yetu ya mpunga. Hapa hakuna aliyewahi kuokota hata punje ya dhahabu tangu enzi za babu zetu. Wanatafuta nini kwenye tope? (Mkulima, Geita)

Marahaba. Wanatoboa hapo kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja, kwamba hakuna aliyewahi kuona kitu.

Kule vilimani, ambako mwamba uko karibu na mguu, utafiti huanza na udongo. Unachota, unaweka kwenye mfuko wenye namba, unapeleka maabara. Hata vichuguu tulivichota. Siku ya kwanza nilipoambiwa nijaze mfuko udongo wa kichuguu nilidhani bosi ananitania, lakini mchwa hushuka chini sana kutafuta unyevu na udongo wa kujengea, na anachopandisha huwa kimetoka mahali ambapo jembe halifiki. Kama kule chini kuna dalili za dhahabu, kichuguu kinaweza kuzisema.

Mbuga, yaani bonde tambarare kama lenye majaruba yako, ni habari nyingine. Ule udongo mweusi unaokushikilia buti ulisombwa na maji kutoka kwingine na kulala juu ya mwamba kama blanketi. Ukiupima unapima habari za kwingine. Huku chini yake ile miamba ya kijani inaendelea, ile ile yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 inayobeba dhahabu ya Geita na Mara. Haikukoma eti kwa sababu mpunga umeanza. Ndiyo maana kampuni huleta mtambo mwepesi wa kusukuma hewa, ikatoboa mashimo mafupi kwa mstari, ikipita tope lote hadi kuufikia mwamba uliooza, na kuchukua sampuli pale pale udongo unapokutana nao. Kwa hiyo mtambo kwenye jaruba lako hauna maana kwamba wameona dhahabu. Wanapapasa tu.

Sasa haki yako. Leseni ya utafutaji humpa mwenye nayo ruhusa ya kutafuta madini, haimpi shamba lako. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kwa kazi iliyo ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba, na vivyo hivyo ndani ya mita 50 kutoka kwenye shamba lililolimwa au lenye mazao. Uharibifu unalipwa. Kaeni na ofisi ya kijiji mwandikiane kabla gari halijaingia, na piga picha za shamba kwa simu yako siku hiyo hiyo. Jambo moja ambalo wakulima husahau kulidai: matuta. Lori la kompresa ni zito. Likivunja tuta la jaruba maji hayatuami, na hapo hasara yako inakuwa msimu mzima, si miche iliyokanyagwa tu. Hesabuni tuta kwanza, miche baadaye.

Walitoboa mashimo 12 kwetu, wakajaza mifuko, wakapakia kwenye malori, wakaondoka bila kuaga. Tunajua walipata dhahabu wakaibeba. Kwa nini serikali inanyamaza? (Msomaji, Kahama)

Malalamiko haya nimeyasikia kila kijiji nilichofanya kazi, na ninaelewa yanakotoka. Watu wamekuja na mashine ya mamilioni, wakapiga kelele usiku na mchana, wakaondoka na mizigo. Lakini tupige hesabu pamoja.

Mtambo wa kawaida wa hewa hutoboa shimo lenye upana wa sentimita 14 hivi. Hewa hushuka kati ya kuta mbili za fimbo ya kuchorongea, halafu hupandisha kokoto na vumbi katikati yake hadi juu, na kila mita moja hujaza mfuko wake. Mita hiyo hutoa kilo 40 za mwamba, zaidi au pungufu kidogo. Shimo la mita 100 ni tani 4. Tuseme, na hili halitokei karibu kamwe, kwamba shimo zima tangu juu hadi chini lina gramu 2 za dhahabu kwa tani. Umepata gramu 8. Gramu 8 hazikaribii kulipa gharama ya kulitoboa shimo lenyewe. Wala kampuni haibebi kilo zote 40. Mwamba hugawanywa pale pale mtamboni, kilo 2 au 3 zikaingia kwenye mfuko wa marikani wa maabara, na nyingine zikabaki kwenye viroba vilivyopangwa mstari, vile ambavyo watoto wenu huvitamani. Maabara nayo husaga zile kilo chache na kuyeyusha gramu 50 tu. Yaani gramu 50 zinasema kwa niaba ya kilo 40.

Anayetaka kuiba dhahabu ana njia rahisi kuliko hii.

Kwa nini basi wameondoka kimya? Mara nyingi kwa sababu moja kati ya mbili: hawakupata kitu, au fedha zimekwisha. Kampuni ndogo ya utafiti haina mgodi wala dhahabu ya kuuza. Inaishi kwa fedha za wanahisa, na wanahisa wakichoka mtambo unarudi yadi. Kutokuaga ni utovu wa adabu, hapo nakubaliana nawe kabisa. Kijiji kilichotoa maji ya kuchorongea na walinzi wa usiku kinastahili mtu aje mkutanoni aseme, "Tumepima, hakuna." Sentensi moja, na uvumi wa miaka kumi usingezaliwa.

Na hata pale wanapopata, safari ni ndefu. Leseni ya utafutaji hutolewa kwa kipindi cha kwanza kisichozidi miaka 4, huweza kuhuishwa kwa miaka 3, kisha 2. Dhahabu ya Nyanzaga, wilayani Sengerema, ilijulikana tangu miaka ya 1990. Kampuni zikapokezana. Leseni kubwa ya uchimbaji ikatolewa Desemba 2021 kwa Sotta, kampuni ambayo wakati huo serikali ilikuwa na hisa zake asilimia 16, na uamuzi wa kujenga mgodi ukaja mwaka 2025. Waliozaliwa mashimo ya kwanza yakitobolewa wana watoto sasa.

Nimeona tangazo la kampuni ya Canada inayochoronga Tanzania: "mita 20 zenye gramu 2.2 kwa tani." Rafiki yangu anasema ninunue hisa haraka. Unashaurije? (Msomaji, Dar es Salaam)

Rafiki yako muulize swali moja: kati ya hizo mita 20, mita iliyo bora kuliko zote ina gramu ngapi?

Tuseme ndani ya shimo kuna mshipa mmoja mwembamba wa mita 1 wenye gramu 40. Mita 19 zilizobaki ni mwamba mkavu wenye gramu 0.2 tu. Jumlisha: 40 na 3.8 ni 43.8. Gawa kwa 20, unapata 2.19. Haya, "mita 20 zenye gramu 2.2." Hakuna uongo katika namba hiyo, lakini mchimbaji atakayeingia chini atakuta mita moja tajiri na kumi na tisa za kusomba bure. Kampuni yenye kujiheshimu huandika jedwali la kila mita, au angalau neno "ikiwemo" likifuatwa na ile mita nono. Pasipokuwa na jedwali, weka pochi mfukoni.

Angalia pia pembe. Shimo hutobolewa kwa kulalia ili likate mshipa upande kwa upande. Likitobolewa kuufuata mshipa, mshipa wa mita 2 unaweza kusomeka mita 10, kama vile kukata ndizi kwa urefu ukasema ni nene. Tafuta kama wametaja unene halisi.

Na usisahau Bre-X. Kampuni ndogo ya Canada, eneo la Busang, Indonesia. Ilitangaza dhahabu kubwa kuliko zote, hisa zikaruka, na mwaka 1997 ikabainika kwamba sampuli zilitiwa dhahabu kutoka nje. Kilichowasaidia wadanganyifu ni kwamba miche ya mwamba, yaani vipande virefu vya mviringo vinavyotolewa shimoni, ilisagwa karibu yote. Desturi ni kuupasua mche katikati kwa msumeno, nusu moja iende maabara na nusu ibaki kwenye sanduku kwa miaka, ili mwingine akitaka kupima tena apate cha kupima. Wakaguzi walipochoronga mashimo yao pembeni ya yale ya zamani, hawakukuta kitu. Canada ilikaza kanuni zake za kutangaza madini baada ya hapo, kwa hiyo siku hizi tangazo lazima litaje mtaalamu anayewajibika. Msome.

Kama nitanunua mimi? Pensheni yangu inatosha kunitia presha yenyewe.

Nina PML, leseni ya uchimbaji mdogo, huku Chunya. Kampuni imeniomba tuingie ubia, wao wachoronge, mimi nipate asilimia. Nikubali? (Mchimbaji mdogo, Chunya)

Inategemea asilimia ya nini. Ya faida? Faida huja baada ya gharama zote, na gharama anaziandika yeye. Ya dhahabu itakayotoka? Hiyo ina maana zaidi. Ya kampuni itakayoundwa? Hapo unahitaji mwanasheria, si binamu yako aliyesoma sheria mwaka mmoja.

Mimi ningeng'ang'ania kitu kingine ambacho wachimbaji wengi hawakiwazi: takwimu. Iandikwe kwenye mkataba kwamba nakala ya kila kitu, mahali pa shimo, pembe, kina, majibu ya maabara yote na siyo yale mazuri tu, inabaki kwako hata wakiondoka. Duara lako, lile shimo lako la kuchimbia la mita 30, umelichimba kwa kubahatisha. Mashimo matano ya kuchoronga, hata yakiwa mabaya, yatakuonyesha mshipa umelalia upande gani, na hiyo peke yake inaweza kukuokoa usichimbe duara jingine upande usio na kitu.

Kumbuka leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania. Mtu akikuletea karatasi ya kuhamisha leseni yako kimyakimya, ipeleke ofisi ya madini kabla ya kusaini. Na STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ina mitambo ya kuchoronga iliyonunuliwa kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Kaulize bei yao kwanza, ujue huyo mgeni anakuletea kitu cha thamani gani hasa.

Mashimo yaliachwa wazi karibu na kisima. Mbuzi amevunjika mguu. Shimo moja linatoa maji, tunaweza kunywa? (Mama wa watoto wanne, Mara)

Pole mama. Shimo lililokwisha kupimwa linatakiwa kuzibwa, na mahali pake parudishwe kama palivyokuwa. Andikeni barua kupitia kijiji kwenda ofisi ya madini ya mkoa, mkiambatanisha picha na namba iliyoandikwa kwenye bomba la plastiki mdomoni mwa shimo. Namba hiyo husaidia kumtambua mwenye shimo. Wakati mnasubiri, wekeni jiwe zito juu, maana mtoto mdogo mguu wake unaingia.

Maji msiyanywe mpaka yapimwe. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi huwa na madini mengine yenye aseniki, ambayo haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuitoi.

Mimi ni kijana, nimemaliza kidato cha nne. Nifanyeje nipate kazi kwenye mtambo? (Geita)

Nenda mtambo ulipo asubuhi, muulize msimamizi. Usimlipe mtu hela ya fomu. Utaanza na mifuko, kama nilivyoanza mimi, na usiidharau kazi ya mifuko.

Kila baada ya sampuli kadhaa tulikuwa tunaingiza mfuko wa uongo: jiwe tupu tunalojua halina dhahabu, ili kuipima maabara yenyewe. Masika moja, zamu ya usiku, mvua inapiga turubai, majibu yakarudi na jiwe tupu lina gramu 6, na mita ya mshipa wa kwatzi, ambayo tulikuwa tumeiona kwa macho ikimeta, haina kitu. Mifuko ilikuwa imepishana namba moja kuanzia mita ya 43. Tukarudia mashimo mawili yote, mfuko kwa mfuko, siku mbili kwenye matope. Msimamizi hakupiga kelele. Aliuliza tu nani alikuwa ameshika kalamu usiku ule, na nilikuwa mimi.

Kwa hiyo andika namba kwenye mifuko yote mchana, kabla fimbo ya kwanza haijaanza kuzunguka.