Siku moja Unguja: Mkunazini usifanye nilivyofanya mimi

Wiki iliyopita nimepata meseji ya dada mmoja wa Morogoro. Anasema anakuja Unguja siku moja tu na watoto wa kipaimara, anauliza lile kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, nusu saa inatosha? Nikacheka, halafu nikanyamaza, halafu nikaiweka simu pembeni nikaenda kuosha vyombo kwanza. Maana nusu saa ndio niliyotumia mimi mara ya kwanza, na hiyo nusu saa ilinipa jina ambalo watu wa kwaya wananiita mpaka leo.

Naitwa Sabini na Tano.

Nitaeleza. Nilikuwa katibu wa kwaya, na kama umewahi kuwa katibu wa kwaya unajua, wewe ndio unakusanya michango, unafuatilia wasiolipa, unakata tiketi za boti, na siku ya safari likiharibika lolote ni lako. Tulikuwa watu 24. Boti ya asubuhi, kama masaa mawili hivi, tukashuka bandari ya Malindi jua bado la kuvumilika na kila mtu ana furaha. Hapo ndipo ningewapeleka Mkunazini moja kwa moja, ni kutembea kidogo tu, unapita Darajani, umefika. Lakini hapana, mi nikajifanya mjuaji. Tuanze bustani ya Forodhani tupige picha, Ngome Kongwe, tukaliangalie jumba la Beit al Ajaib kwa nje, turudi soko la Marikiti watu wanunue viungo. Kanisa nikaliweka mwisho, kama vile ni choo cha kupitia kabla ya safari.

Pale Forodhani akatudaka kijana mmoja. Watembezaji wa mitaani kama huyu wenyeji wanawaita papasi, kama wale wadudu, na jina limewatosha, akishakung'ang'ania hatoki. Kiswahili kitamu, kicheko kizuri, akasema historia yote ya Mji Mkongwe anayo kichwani. Nikamlipa kwa hela ya kwaya.

Tumefika Mkunazini saa saba mchana. Watu wamechoka, wana njaa, waimbaji wawili wa besi wamevaa vesti zile za mpira na mlangoni wakaambiwa wajisitiri kwanza (kwa haki kabisa), na ndani kuna ndoa. Ndoa! Tulikuwa tumefanya mazoezi wiki tatu tuimbe wimbo mmoja mle ndani na mimi katibu sikupiga simu hata moja kuomba nafasi wala kuuliza ratiba. Nilidhani kanisa ni kanisa tu, unafika unaimba. Mwalimu wa kwaya aliniangalia mara moja tu, ila yale macho nayaona mpaka kesho.

Basi kwa aibu nikataka kuokoa jahazi. Tukashuka kwenye vile vyumba vya chini vilivyo kwenye jengo la hosteli hapo hapo kiwanjani, dari limeinama mpaka unapinda mgongo, hewa nzito. Papasi akasema humu waliwekwa watumwa 75, akaendelea na mambo mengine mengi ya kutisha. Tulipotoka nje wale waliobaki juu wakauliza kuna nini huko, na mimi nikasimama kwenye ngazi nikaanza kuhubiri. Sabini na tano! Narudia, sabini na tano! Nimeinua na kidole.

Sasa pembeni barazani alikaa mzee mmoja, kanzu na kofia, ametulia na kahawa yake. Akanisubiri nimalize. Akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hizo habari kakupa nani?" Nikamwambia shikamoo babu, nikamwonyesha papasi, kumbe papasi keshayeyuka. Yule mzee akatueleza kwamba lile jengo wamisheni walilitumia kama hospitali, kwamba wapo wataalamu wanaosema lilijengwa baada ya soko kufungwa, na soko lenyewe lilikuwa pale kiwanjani ambapo sasa kuna kanisa. Hakunidhalilisha hata kidogo. Waliobaki walinidhalilisha wenyewe, kwenye boti ya kurudi soprano wote wananipigia makofi, "Katibu, tuhesabie!"

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo. Niliacha ukatibu mwezi uliofuata nikasingizia kazi.

Mwezi uliopita nimerudi, safari hii mimi na mama tu, na nimefanya kila kitu kinyume na mara ya kwanza ndio maana nina ujasiri wa kuandika hapa. Tumelala Unguja. Asubuhi mapema tukawa getini Mkunazini kabla ya makundi hayajaanza, tukalipa kiingilio, tukachukua mtembezaji wa pale pale kwenye kituo chao. Nilipiga simu siku mbili kabla kuuliza kama kuna ibada au shughuli (mnaona sasa nimekua). Na sikupanga kitu kingine asubuhi ile yote.

Nikawaambia kabisa, nataka tukae kwanza. Ukiingia tu ukaanza kutembea huoni kitu. Tulikaa kwenye mabenchi ya nyuma kama dakika ishirini, mama anajipepea na kanga, nje kelele za Darajani zinakuja kwa mbali, honi, mtu anaita bei, halafu adhana ikaanza msikiti wa jirani na ikasikika mle kanisani vizuri kabisa. Mama akaguna akasema, "Hawa wamezoeana." Ndio Mji Mkongwe huo.

Baada ya hapo ndio nikaanza kuona. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe limezungushiwa nyekundu. Wanasema ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa pale sokoni. Mara ya kwanza nilipita hapo nikitafuta sehemu ya kupiga selfi, Mungu anisamehe. Juni 1873 ndipo Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alipotia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Krismasi ya 1877 wakasali ibada ya kwanza. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, na huyu ndiye huyo huyo aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili na kukusanya hadithi za Kiswahili, kwahiyo sisi tunaoandika lugha hii kila siku tuna deni naye kidogo. Alifariki 1882, amezikwa nyuma ya altare. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake ile siku ya ndoa na sikujua.

Kuna msalaba wa mbao unaonekana wa kawaida tu, huwezi kuuangalia mara mbili kama hujaambiwa. Mbao yake imetoka kwenye mti wa kijiji cha Chitambo, huko Zambia ya leo, ambapo moyo wa Livingstone, yule mmisionari msafiri, ulizikwa 1873, wakati watumishi wake akina Susi na Chuma wakijiandaa kuubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Mama ni mtu wa Bagamoyo. Hapo aliomba tusimame tena.

Halafu nguzo. Kule nyuma karibu na kisima cha ubatizo kuna nguzo za mawe zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, inasimuliwa mafundi walizipachika askofu akiwa safarini na aliporudi akaona basi ziachwe. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, akaipiga moja kofi kama anavyompiga mtu wa nyumbani.

Nje kuna ile sanamu ya mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, shingoni wamefungwa minyororo ya chuma ya kweli, na wewe uko juu unawaangalia chini kama mnunuzi. Nilichokigundua safari hii, wote watano hakuna anayekuangalia wewe. Pinda goti uchungulie sura zao moja moja. Kwenye vile vyumba vya chini shuka pia, ni vya kushuka, ila uliza maswali, na usitoke huko na namba mdomoni.

Sasa dada yangu wa Morogoro, na wengine mlio na ndoto kama zangu za kupeleka kundi. Nusu saa haitoshi, weka masaa mawili. Kanisa liwe la kwanza, Forodhani haikimbii, ile ni ya jioni. Piga simu kabla. Watoto wavae nguo za heshima, mabega na magoti, ule ni mji wa Waislamu na ni wenyeji wetu, beba kanga mbili tatu za akiba maana hakosi mmoja wa kusahau. Jumapili asubuhi usiende kutalii, nenda kusali. Usitoe hela barabarani, toa getini. Narudia, kwasababu najua mtasoma mtasahau, usitoe hela barabarani. Vijana wetu wa siku hizi tunataka kupiga picha mia tuondoke, tunalipia boti na chakula bila shida ila mtembezaji tunamuona ghali, halafu tunakuja kupotosha watoto wa watu, na nasema "tunakuja" kwa makusudi.

Na kitu kimoja kuhusu boti, kabla hamjapanda pale Dar geuzeni shingo. Lile la minara lililo ng'ambo ya barabara ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Wajerumani walilijenga 1897 mpaka 1902. Nimezaliwa Dar, nimepanda boti hapo sijui mara ngapi, na nimeingia ndani kwa mara ya kwanza mwaka huu. Fikeni nusu saa mapema, hapo sawa, hapo nusu saa inatosha kuanzia.

Mkimaliza Mkunazini watoto watakuwa na njaa, wapeleke wakale urojo. Na kama yule mzee yupo barazani mwamkie, mwambie kuna mwanawe wa Dar anamsalimia. Ukimtajia sabini na tano atajua ni nani.